Lori la Haki

Kila anayemkumbuka baba yangu huanza na sabuni, na jambo hilo hunikera. Nimekaa kwenye misiba na harusi za kijijini kwetu Murungu nikawasikia watu wazima wakisimulia jinsi Mzee Sabuni alivyowaokoa mwaka ule wa vita vya Kagera, maduka ya Kibondo yalipobaki rafu tupu na watu wakafulia majani ya mpapai. Ni kweli aliwaokoa. Lakini mtu hawezi kuwa sabuni tu. Alikuwa na jina, Stanislaus Hatungimana. Alikuwa na mke, mama yetu Pelagia, na watoto ambao mkubwa wao ni mimi, Epifania. Nitasimulia na mimi, na nitaanza na sabuni kama wao, maana hapakuwa na njia ya kuingia kwetu bila kupita kwenye moshi wake.

Tulitoka Burundi mwaka sabini na mbili, kwa miguu. Baba alifika Kibondo na nguo aliyovaa. Jambo la kwanza aliloliona ugenini ni kwamba Waha, wenyeji wetu, walitupa maganda ya ndizi kama sisi tulivyoyatupa kwetu, akaanza kuyaokota. Watu wakadhani njaa imempanda kichwani. Akayakausha, akayachoma, akayaweka majivu kwenye chungu kilichotobolewa chini na kuyamwagia maji kidogo kidogo. Yale maji yaliyochuruzika, yaliyowasha ulimi, aliyachemsha na mawese ndani ya pipa huku akikoroga kwa mti mrefu mpaka mkono ukafa ganzi. Sabuni ya kwanza ilikuwa nyeusi na laini kama ugali uliokosewa. Baadaye akagundua kwamba akitia chumvi ya Uvinza inaganda vizuri, ikashikika mkononi, na hapo ndipo waliomcheka walipoanza kuja na vikapu.

Ilipokuja Operesheni Vijiji tukahamishwa tena, tukapangwa kando ya barabara. Watu walilia kwa kuacha migomba yao. Baba naye alilia, kisha akafuta kamasi akasema kumbe serikali imemletea wateja mlangoni. Alikuwa hivyo. Ukimpa jiwe atatafuta pa kulikalia.

Sasa nije kwa baba mwenyewe. Kila Jumamosi alituogesha sisi watoto kwa mikono yake, nyuma ya nyumba, mmoja baada ya mwingine. Wanaume waliopita walimtania, mwanamume gani anasugua watoto na mke yupo. Alijibu, "Fundi cherehani akivaa matambara, nani atampa kitambaa? Hawa ndio tangazo langu." Watu walicheka wakaenda zao. Lakini mimi nilijua si tangazo, maana aliendelea kutusugua nyuma ya masikio hata mvua iliponyesha na barabarani hapakuwa na mtu. Na kila pipa lilipoiva, donge la kwanza lilikuwa la mama. Halikuuzwa hata moja kabla mama hajanawa nalo. Baba alisimama mbele yake akisubiri, mikono nyuma, kama mtoto anayesubiri kusahihishiwa daftari, kisha anauliza, "Linakata uchafu?" Mama alikuwa na ulimi mkali, alipenda kumwacha asubiri kidogo.

Kitu kimoja tu hakukitania. Babu alifia njiani tulipokimbia, upande ule wa mpaka. Baba alimfunika kwa majani ya migomba akaendelea kutembea, kwa sababu nyuma yetu kulikuwa na bunduki na mbele kulikuwa na mimi na wadogo zangu. Hakujua nani alimzika babu, au kama alizikwa. Alipokunywa kidogo alituambia, "Mimi siku yangu ikifika, hata mnitupe kwenye shimo la mihogo, sitalalamika. Lakini mikono itakayoniweka iwe ya watu wangu." Mama alimwambia anyamaze, asiite kifo mezani. Lakini tulikuwa tumeshasikia sote.

Mawese ya sabuni yalitoka mwambao wa ziwa, yakapita Kasulu kwa Mzee Athuman. Athuman alikuwa na duka pale sokoni. Wazee wake walitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kanzu, hata kukuomba upishe njia alikuomba kwa maneno ya kukubembeleza. Baba alipokwenda Kasulu alifikia nyumbani kwake, akala sahani moja naye. Walitaniana. Athuman alimwita "Mrundi wangu", na baba akirudi anatuambia, "Nimerara kwa Mswahiri mwenzangu," nasi tunacheka mpaka mama anatutishia mwiko.

Safari ya mwisho aliondoka na homa. Mama alimkataza. Akasema homa hiyo ni ya mawese, ikinusa mafuta itamwacha. Mwaka ule magari mengi yalikuwa yamechukuliwa kwenda vitani, kwa hiyo lori lililopita hukuliacha, hujui lingine litakuja lini. Alipanda akiwa amejifunga koti la mama shingoni. Tukangoja.

Siku chache zikapita. Jioni moja basi la kutoka Kasulu likapunguza mwendo mbele ya nyumba yetu, halikusimama. Utingo wake, Tharsisi, kijana wa Kakonko tuliyemfahamu, akaning'inia mlangoni.

"Mama Epifania," alipaza sauti, "Mzee Athuman anasema baba Epifania ametangulia mbele ya Haki."

"Mbele ya nani?"

"Haki. Ndivyo alivyosema."

Basi likaondoka na vumbi lake. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini utuambie nani angemuuliza, na gari lilikuwa linapanda mlima.

Jirani yetu Immakulata alikuwa Muha aliyesoma mpaka darasa la sita na kuhudhuria mikutano ya akina mama wilayani. Kwa Kiswahili yeye ndiye aliyekuwa askofu wetu. Mama akamwendea na lile neno kama mtu anayepeleka jembe kwa mhunzi. Immakulata akalipima. Kutangulia ni kwenda mbele, hilo halina shida. Haki ya mikutanoni tuliijua, haki na wajibu, lakini mtu hawezi kwenda mbele ya kitu cha mikutanoni. Kwa hiyo Haki ni mtu. Na mtu gani huyo ambaye mwingine hutangulia mbele yake barabarani, kama si dereva?

"Mafuta yake yanakuja na lori la Haki," akasema. "Yeye amepata gari la mapema. Kama hajafika, ameshuka njiani kusalimia watu. Si unamjua?"

Tulimjua. Alikuwa na wateja na marafiki kila kilima kati yetu na Kasulu. Hapakuwa na cha kushangaza.

Ninataka kusema wazi kwamba muda ule tuliokaa tukimngoja unaniuma kuliko kaburi lake. Mama alifurahi. Alikuwa amebeba hofu ya ile homa tangu alipoondoka, na sasa aliitua. Alichinja kuku aliyekuwa akimhifadhi kwa Pasaka. Alipika ndizi kwa maharage, akatia mawese mengi kwa sababu mengine yanakuja na Haki. Alibandika maji ya kuoga, yakapoa, akayabandika tena. Alijifunga kile kitenge cha kijani ambacho baba alisema kinamfanya aonekane kama binti wa padri, tusi ambalo mama alilipenda. Majirani waliopita aliwaambia mume wake anakuja, nao wakakaa kidogo, wakala, wakataja vidonge vya sabuni wanavyovitaka. Aliimba. Mama yangu, ambaye tangu tuvuke mpaka sikumsikia akiimba nje ya kanisa, aliimba huku akimenya ndizi, na baba alikuwa amekwisha kufa.

Kesho yake mimi na wadogo zangu, Leonidasi na Uwimana, tukapewa kazi ya kukaa barabarani. Kila gari lililotoka upande wa Kasulu tulilikimbilia. "Wewe ndiye Haki?" Dereva mmoja alisema yeye ni Simoni. Mwingine, mtu mnene mwenye meno ya tumbaku, alicheka akasema haki haijapata kupita barabara hii. Tukacheka naye ingawa hatukuelewa. Magari yalikuwa machache, jua lilikuwa kali, lakini hatukuchoka, maana aliyemwona Haki wa kwanza ndiye angempokea baba mfuko.

Siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri, lori la magunia likasimama lenyewe. Lilikuwa linatoa mvuke. Dereva akashuka, mtu mrefu mwenye ndevu chache, akaomba maji ya rejeta. Nilimletea debe. Alipokuwa anamimina nikamuuliza.

"Wewe ndiye Haki?"

"Mimi Isihaka," akasema. "Haki ndiye nani?"

"Dereva. Analeta mafuta yetu. Baba yangu ametangulia mbele ya Haki."

Maji yakajaa rejeta, yakafurika, yakamwagikia viatu vyake. Aliendelea kumimina.

"Nani amekuambia maneno hayo, binti?"

"Mzee Athuman wa Kasulu. Alimwagiza utingo."

"Mama yako yupo?"

"Yupo. Anapika."

Akaweka debe chini. Akaenda mlangoni mwa lori, akachukua kofia iliyokuwa juu ya usukani, akaivaa kichwani vizuri kama mtu anayekwenda msikitini. Kisha akanifuata nyumbani. Nilifurahi. Nilidhani anakwenda kula.

Mama alimkaribisha, akamwekea kiti, akasema mgeni njoo mwenyeji apone. Isihaka hakukaa.

"Mama," akasema, "sisi kwetu, Haki ni Mwenyezi Mungu. Mtu akitangulia mbele ya haki, amekwenda mbele ya Mungu."

Mama alimtazama. Alikuwa na mwiko mkononi. "Amekwenda kufanya nini huko?" akauliza, na niliona kwamba hakuwa anatania, alikuwa anauliza kweli, kwa kuwa neno lilikuwa limefika masikioni na mwili umelifungia mlango.

Mtu yule alizaliwa Ujiji, alikuwa na Kiha cha barabarani, cha kuomba maji na kuuliza njia, na Kiha na Kirundi chetu ni ndugu. Alitafuta humo, akapata neno moja. Alilisema polepole, kwa aibu, macho yakiwa chini.

"Yarapfuye, mama."

Amekufa. Hilo tulilielewa sote, hata Uwimana.

Sitaelezea kilichofuata pale jikoni. Immakulata alikuja akagaagaa chini akijilaani kwa Kiswahili chake, na watu wakamwinua. Isihaka alipeleka magunia yake Kibondo akarudi kutuchukua, hakutaka nauli, akamweka mama mbele na mimi kando yake. Wadogo zangu walibaki kwa majirani. Njia nzima mama alisema kitu kimoja tu. Alisema kwa Kirundi, akitazama barabara, "Kama hawajamzika, bado." Alirudia hivyo kila tulipopanda kilima. Nikaelewa kwamba hakuwa anakwenda tena kumwona baba akiwa hai, hilo alishaliachia. Alikuwa anashindana na sepetu. Nami nilikaa nikimchukia Athuman na Kiswahili chake chote cha kanzu. Hata sisi tunayo maneno ya kuzungukazunguka kifo. Kwa Kirundi tunasema mtu ameitika Mungu alipomwita. Lakini Mungu tunamtaja kwa jina lake, hatumwiti kama dereva wa lori.

Tulifika Kasulu jioni. Nje ya nyumba ya Athuman wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka, na mke wake Shamsia akatoka ndani akimkimbilia mama, akamkumbatia kabla hajakanyaga chini vizuri. Athuman akasimama. Sikuwahi kumwona bila tabasamu, na sasa uso wake ulikuwa kama duka lililofungwa.

"Shemeji," akasema.

"Yuko wapi?" mama akauliza.

"Tumemzika jana, alasiri."

Mama akakaa chini palepale, kwenye vumbi, na Shamsia akakaa pamoja naye.

"Kwa nini hukusema amekufa?" Ni mimi niliyesema, na nilisema kwa sauti ya kumfikia hata aliye sokoni. "Kiswahili kina neno kufa. Hata mimi ninalijua."

Wanaume wale waliguna. Kwa umri wangu nilistahili kofi. Lakini Athuman alinijibu kama mtu mzima mwenzake. "Mwanangu, neno hilo mke wa mtu haletewi na utingo dirishani. Nilitafuta neno la heshima. Sikujua litakufikieni vingine." Kisha akamgeukia mama. "Nilingoja, shemeji. Nilingoja siku nzima na usiku wake, na kesho yake mpaka alasiri. Kila gari lililotoka Kibondo nilikwenda kulitazama. Nikasema labda hamkupata gari, labda mmekwama. Na joto lile. Nisingeweza kumweka tena."

Wao walikuwa wanatungoja sisi, na sisi tulikuwa tunamngoja yeye, na barabara ilikuwa moja.

Mama alipoinua uso hakuuliza baba alikufaje, ingawa baadaye tuliambiwa kwamba homa ilimpanda kichwani, na kwamba hospitali ilijaribu. Aliuliza jambo jingine.

"Nani alimwosha?"

"Mimi."

"Nani aliteremka naye kaburini?"

Athuman akatazama miguu yake. "Sikumzika kwa dini yangu, shemeji, usidhani. Alikuwa mtu wa msalaba, nikamwita katekista, akasomewa sala za kwenu. Lakini ilipofika kumweka, katekista akauliza, ndugu wa marehemu wako wapi? Watu wakatazamana. Alikuwa ameniambia habari za baba yake, yule wa njiani. Aliniambia zaidi ya mara moja. Basi nikavua viatu, nikasema mimi hapa. Nikashuka, nikampokea. Kama nimekosea, nimekosea."

Nilimtazama mama. Nilikuwa nangoja amtukane, nilitaka sana amtukane, na ulimi alikuwa nao. Badala yake, asubuhi akaenda kaburini akakaa huko mpaka jua likawa juu, na mimi nikakaa naye. Udongo ulikuwa umesawazishwa kwa viganja, alama za vidole zilionekana. Mama aliweka mkono wake juu ya alama moja, akauondoa, akauweka juu ya nyingine.

Tuliporudi kwa Athuman, aliomba wembe.

Kwetu, mume akifa, mjane hunyolewa nywele, na watoto, na ndugu wa marehemu. Siyo rafiki wala jirani, hata akilia mpaka akauke. Ni watu wa damu tu. Wanawake wa Kirundi waliokuwa wakiishi pale mjini walikuja, wakamnyoa mama, wakaninyoa mimi, na nywele zangu wakazikusanya kwenye jani. Kisha wakaanza kusafisha wembe ili waufunge.

"Bado," mama akasema. "Kuna ndugu yake."

Wakatazamana. Walijua kwamba ndugu wa Hatungimana hawakuvuka mpaka.

Mama akachukua wembe, akavuka ua. Athuman alikuwa amekaa barazani na wanaume wenzake. Alikuwa mtu wa kujipenda, nywele zake alizipaka mafuta na kuzichana kila asubuhi, na mvi zake zilipangwa vizuri. Mama akasimama mbele yake na kichwa chake kitupu, akamwonyesha wembe. Hakueleza. Kiswahili chake kisingefika.

Athuman alimtazama mama, akautazama wembe, na taratibu nikaona kwamba ameelewa. Akavua kofia. Akashuka barazani, akakaa chini kwenye vumbi, miguu ameikunja, akainamisha kichwa.

Shamsia akaleta maji kwenye bakuli, akatazama huku na huku nani ayashike. Nikayachukua mimi. Nilikuwa nimekuja Kasulu na matusi mdomoni, sijui yalikwenda wapi.

Mama akamlowesha nywele, akaanza utosini. Athuman alikuwa analia bila sauti, mabega yakiruka, na wembe ukawa hautulii. Mama akamshika kichwa kwa mkono wa kushoto, akakibana tumboni pake, kama anavyotushika sisi.

"Tulia, muramu," akamwambia, akimwita shemeji kwa lugha yetu. "Nitakukata."

Akamnyoa mpaka mwisho, wote wawili wakilia, na mimi nikiwashikia maji.